Sauti Iliyofunguliwa Mlango

Siku Madame Falonne alipokiri kwa kipaza sauti kwamba aliwaongoza wauaji hadi kwenye milango ya majirani, alikuwa amevaa gauni lake la bluu la kufundishia, na maishani mwake hakuwa amemdhuru mtu. Mji ulimsikia. Walimsikia wauza mkaa, waendesha pikipiki, wanawake waliokuwa wakirudi kutoka sokoni na beseni kichwani. Sauti waliitambua mara moja, maana vijana wengi wa Bulengera, mtaa wa Butembo, wamejifunza Kifaransa mbele yake, na sauti ya mwalimu aliyekugombeza ukiwa mtoto haikutoki masikioni.

Ili mtu aelewe jambo hilo lilitokeaje, lazima kwanza ajue lugha zake.

Falonne alizaliwa kwenye vilima vya Lubero, akalelewa na bibi yake kwa Kinande kitupu. Kifaransa alikutana nacho shuleni, kikiwa na fimbo. Kiswahili alikiokota Butembo alipohamia na mama yake, Kavira, aliyekuwa akiuza maharage. Lingala alijifunza kidogo kwenye vizuizi vya barabarani, kwa wanajeshi. Aliwahi kuwaambia wanafunzi wake kwamba yeye si mtu mmoja. Kwa Kifaransa ni mkali, hana mzaha. Kwa Kiswahili ni mchokozi, anabishana bei hadi muuzaji anacheka. Kwa Kinande bado ni mtoto: sauti yenyewe inashuka, macho yanatazama chini.

"Na kwa Lingala, Madame?" kijana mmoja aliuliza.

"Kwa Lingala naogopa tu."

Darasa zima lilicheka. Naye alicheka, kwa sababu wakati huo aliamini kwamba lugha ni kama nguo: unavaa, unavua, na ndani yake uko palepale, mzima.

Kisha mahakama ya kijeshi ikaja Butembo kusikiliza hadharani kesi ya mauaji ya Kyandolire. Kyandolire kilikuwa kitongoji kidogo upande wa Beni. Sasa ni magofu na migomba inayozaa bila mwenyewe. Waliopona walikimbilia Butembo, wakatawanyika mitaani kwa ndugu na kwa wasamaria. Dola ilileta kesi kwa fahari yote: mahema, jenereta, askari wa kulinda, majaji wenye vyeo mabegani waliotoka mikoa ya mbali. Haikuleta hata mtu mmoja aliyejua lugha ya waliouawa. Ilibidi mtu huyo atafutwe mjini kama vile mtu anavyoazima kiti kwa jirani.

Wakamwazima Falonne. Karani wa mahakama, mwanamke mmoja mpole aitwaye Yolande, alimwapisha na kumfundisha kazi kwa maneno machache.

"Madame, usiseme 'anasema kwamba'. Shahidi akisema mimi, na wewe sema mimi. Pale wewe hapana mutu. Wewe ni bomba, maji inapita tu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Na usiambie mutu kama unatumika hapa. Hata mama yako. Ni kwa usalama yako."

Falonne alipenda ile habari ya bomba. Ilimpa usafi fulani. Siku ya ushahidi alimuaga mama yake kama anayekwenda shuleni.

Ukumbi ulioazimwa kwa kesi ulikuwa mdogo. Ndani waliingia majaji, mawakili, askari, na watu wa mashirika waliotoka mbali. Wananchi walibaki nje, na kwa ajili yao vipaza sauti vilifungwa kwenye mikaratusi. Shahidi aliwekwa nyuma ya pazia jeusi ili asijulikane, na kwa sababu hiyohiyo hakupewa mikrofoni. Alinong'ona kwa Kinande. Falonne, aliyekaa ubavuni mwa pazia, ndiye aliyeshika mikrofoni na kuyatoa maneno kwa Kiswahili, yasikike na majaji na umati kwa pamoja. Uso wa shahidi ulilindwa. Sauti yake ililindwa. Lakini sauti moja ilibidi itoke nje, na hakuna aliyejiuliza itakuwa ya nani kwenye masikio ya wanaosikiliza.

"Shahidi aseme," rais wa mahakama aliamuru, na vipaza sauti vikapeleka amri ile mpaka barabarani.

Nyuma ya pazia mwanamke alivuta pumzi. Falonne aliona vidole vya miguu yake tu, vilivyotokeza chini ya kitambaa, katika viatu vya plastiki. Mwanamke akaanza, na Falonne akaanza.

"Nilikuwa nachimba mihogo. Wakatoka msituni, wakanizunguka. Waliniambia nitembee mbele."

Huko nje pikipiki zilizimwa.

"Hawakujua lugha yetu. Walijua kwamba watu wetu hawafungulii mgeni jioni. Kwa hiyo walinitaka mimi. Nilifika mlango wa kwanza, nikapiga hodi kwa Kinande. Nikamwita mwenye nyumba kwa jina lake na la baba yake. Alisikia ni mtu wa kwao. Akafungua."

Falonne aliyasikia maneno hayo kwanza katika Kinande, lugha ya bibi yake, na kabla hajapata nafasi ya kushtuka mdomo wake ulikuwa umeshayatamka kwa Kiswahili. Ndivyo kazi ilivyo. Unasema kwanza, ndipo unasikia ulichosema.

"Nikaenda mlango wa pili. Wakafungua. Nikaenda wa tatu. Niliita, na kila nilipoita walifungua. Ni sauti yangu iliyowatoa ndani."

Nje palilipuka. Ulikuwa mngurumo usio na neno, halafu neno likapatikana ndani yake: "Ni Madame Falonne! Ile ni sauti ya Madame Falonne!" Jiwe la kwanza liligonga bati la ukumbi. Yakafuata mengine.

"Coupez le son!" rais wa mahakama alifoka. Fundi akakata vipaza sauti. Ushahidi ukaendelea ndani, kwa sauti ya chini, mpaka mwisho. Ukasikilizwa na majaji, ukaandikwa kwa Kifaransa. Umati uliondoka na ile nusu ya kwanza, ukaibeba nyumbani ikiwa moto.

Askari walimtoa Falonne kwa mlango wa nyuma. Alijifunika kitenge kichwani, akapanda pikipiki, akashuka mbali kidogo na kwao. Hofu yake ilikuwa kwa ajili ya yule mwanamke. Juu ya nafsi yake hakuwa na wasiwasi wowote. Yale mayowe ya jina lake alidhani yataisha mtu akipata akili. Alipita kwa jirani yao, Mama Esdras, ili akae kidogo na mtu asiye mama yake, maana mama yake angemsoma usoni.

"Wasibire, Mama Esdras!" aliita, ile salamu ya jioni ya Kinande ambayo amekuwa akiiita kwenye mlango ule tangu ujana.

Mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Ukafungwa. Akasikia komeo likisukumwa hadi mwisho.

"Mama, ni Madame," sauti ya mtoto ilisema ndani.

"Nyamaza! Hapana jibu."

Falonne alibaki amesimama na salamu yake mdomoni. Mama Esdras alijua vizuri kwamba wakati wa mauaji ya Kyandolire, katika likizo kubwa, Falonne alilala kitandani na malaria. Yeye mwenyewe ndiye aliyemletea uji. Lakini lile neno "mimi" lilikuwa limepita mbele ya kumbukumbu yake na kukaa. Uji aliuona kwa macho. Maungamo aliyasikia kwa masikio, katika sauti aijuayo. Akayaamini masikio.

Siku zilizofuata zilimwonyesha Falonne kwamba mtu anaweza kufukuzwa bila kuambiwa atoke. Muuza maziwa alipita nyumba yao bila kusimama. Mkurugenzi wa shule alimwita, akazungusha kalamu, akasema, "Madame, pumzika kwanza. Le temps que ça passe, mpaka hii mambo ipite." Kavira, mama yake, alirudi sokoni na maharage yote aliyotoka nayo.

"Mwanangu," Kavira alimwambia, "batu banasema vitu. Niambie mimi. Ulienda kule?"

"Mama, hata wewe? Nilikuwa naumwa hapa, kwenye ile kitanda!"

"Najua. Mais nilisikia kwa masikio yangu. Nilikuwa pale kwenye barabara na maharage. Ulisema ni wewe."

Hapo ndipo mshtuko ulipomwingia mpaka mfupani. Mama aliyemzaa, aliyemkanda kwa maji baridi usiku wa homa ile, alikuwa anamuuliza. Na jambo baya zaidi, lililomfanya akae chini, ni kwamba kwa kitambo kidogo yeye mwenyewe alijitafuta. Alijiona anatembea mbele. Aliusikia mlango. Alijua majina ya watu ambao hakuwahi kukutana nao, na alijua jinsi ya kuwaita. Maneno yale yalipita kwake yote, na yalipopita yalilowesha kuta za bomba.

Akaanza kusema kwa njia ya ajabu. Hakusema tena "mimi". Alisema, "Falonne hapana njaa." Alisema, "Falonne ataosha vyombo." Delphin, kaka yake mkubwa, dereva wa lori la samaki kutoka Kyavinyonge, alipoyasikia hayo aligonga meza.

"Unaongea kama mutu ya kufa! Sikiliza. Shefu Kamate anaita kikao Jumapili, kisha misa. Utasimama, utasema haiko wewe, ulikuwa unatafsiri. Maneno mbili tu! Haiko mimi. Basi."

"Falonne alikula kiapo."

"Kiapo gani? Kiapo itakuja kukuzika?"

Alimpigia Yolande. Yolande alilia kwenye simu, akaomba msamaha, akasema faili limekwenda Kinshasa na majaji wamerudi kwao. Ndivyo ilivyo. Walikuja, wakamvua mtu sauti yake, wakaitumia, wakapanda ndege.

Jumapili uwanja wa shefu Kamate ulijaa. Shefu wa avenue, yaani wa mtaa wao, alikuwa mzee mwenye maneno machache, na koti la misa alikuwa bado nalo. Mama Esdras alikaa mbele. Upande wa lango walisimama vijana na pikipiki zao, na katikati yao Syauswa, fundi seremala. Dada yake Victoire aliuawa Kyandolire, na tangu mazishi alikuwa hatengenezi milango; vitanda na meza tu.

"Madame," Kamate alisema, "batu bako na moto ndani ya roho. Ongea, tusikie."

Falonne alisimama. Alimtazama Delphin, naye akatikisa kichwa kumtia moyo.

"Haiko mimi," alisema. "Nilikuwa natafsiri. Shahidi alikuwa nyuma ya pazia. Mimi nilitoa tu sauti."

Pumzi ilitoka kwa watu wengi kwa pamoja. Mama Esdras alipiga kofi pajani. "Si nilisema! Ule mwezi alikuwa na malaria, nilimuletea uji mimi mwenyewe!" Kavira akaanza kulia kwa faraja. Mtu akatania kwamba Madame amewatisha kuliko mtihani wa Kifaransa, na watu wakacheka, wakacheka sana, kama watu walioponea chupuchupu.

Syauswa hakucheka.

"Sawa, Madame. Haiko wewe. Donc ni nani?"

Kicheko kilikatika.

"Siwezi sema."

"Hapana jua, ao hapana taka?"

"Sikumuona uso."

"Lakini ni mwanamuke. Ni wa kwetu, alisema kwa Kinande. Alitoka kule muzima." Syauswa alikuwa anawageukia watu sasa, akitafuta kwa sauti kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. "Banamuke ya kutoka Kyandolire bazima hawako wengi. Kuko mama Ananie, ule wa mihogo, hapa chini ya barabara. Kuko na ule mwingine analala kwa masista..."

"Mama Ananie anaogopaka batu," kijana mmoja alidakia. "Kwa nini anaogopa?"

"Twende tumuulize."

"Kumuuliza tu."

Kijana aitwaye Malachie alikuwa ameshapiga kiki pikipiki yake. Injini iliwaka. Mwingine alikuwa ameokota kipande cha nondo, na hakuna aliyemuuliza nondo ya kuuliza swali ni ya kazi gani.

Falonne aliitazama ile nondo. Maneno mawili. Kaka yake alisema ni mawili tu, na aliyatamka, na sasa yalikuwa yanatoka langoni kwa pikipiki. Hakujua kama mama Ananie ndiye mwenye vile viatu vya plastiki. Hata kama siye, nani angelijua baadaye? "Haiko mimi" ilikuwa kidole. Kila mtu anaposema si yeye, kidole kinakwenda kwa mwingine, na kitatua mahali, na pale kitakapotua patakuwa na mwanamke anayemenya mihogo.

"Ni mimi!" alipiga kelele.

Wakageuka.

"Nimedanganya kwa sababu ya woga. Ni mimi. Zima ile pikipiki, Malachie, uje usikie."

Malachie hakuzima. Lakini hakuondoka.

Hapo Falonne akaacha Kiswahili. Akasema kwa Kinande, kwa ile sauti yake ya kitoto inayoshuka, macho chini, na kwa mara ya kwanza watu wa uwanja ule walilisikia jambo lile katika lugha lilimotendeka. Alisimulia mihogo, na wale watu, na kutembea mbele. Alisimulia mlango wa kwanza. Watu walianza kunguruma tena, kama siku ile, palepale. Safari hii hapakuwa na fundi wa kukata sauti. Akavuka pale sauti ilipokatwa siku ile.

"Mtoto wangu alikuwa mgongoni," alisema. "Mmoja wao alitembea nyuma yangu, amemwekea kisu shingoni. Nilipojaribu kukaa kimya kwenye mlango wa pili, alimkata sikio. Mtoto akalia. Ndipo nikaita. Niliita vizuri, kwa upole, kama jirani anayeomba moto, maana nikiita vibaya angekata tena."

Mwanamke mmoja alijishika kifua.

"Madame hana mutoto!" yule kijana wa nondo alisema, kwa sauti ya mtu aliyekamata uongo. "Hajazaa! Hii hapana yeye..."

"Nyamaza," shefu Kamate alisema. Alisimama, akavua kofia. "Leo iko na mutoto."

Hakuna aliyecheka. Mzee aliwatazama mmoja mmoja, vijana wa lango akiwamaliza wote.

"Mumesikia kwa masikio yenu. Ni yeye. Amesema mara mbili. Mutu asiende kutafuta mwingine kwa mihogo wala kwa masista. Anayetaka kumuuliza kitu, amuulize hapa, mbele yangu."

Mama Esdras alifungua mdomo. Uji, malaria, kitanda, vyote vilikuwa pale kwenye ulimi wake, kila mtu aliviona. Akaufunga. "Ni yeye," alisema polepole. Mwingine nyuma yake akasema, "Ni yeye." Walijua wote kwamba si kweli, na walilisema, na lile neno likasimama katikati ya uwanja kama ukuta, na nyuma ya ukuta ule mwanamke asiyejulikana aliendelea kuishi. Malachie akazima pikipiki.

Falonne alilisikia neno hilo likifunga kama komeo. Alielewa kwamba halitafunguliwa tena. Kesho kuna watakaosahau kwamba waliafikiana, na watoto wao watalipokea bila kujua. Atakufa akiwa mtu wa Kyandolire, na kuna milango ambayo haitamjibu tena. Kavira alimtazama kwa mshangao, kama mama anayeonyeshwa mtoto mgeni na kuambiwa, huyu ni wako.

Syauswa alimsogelea. Watu walimpisha. Mikono yake mikubwa ya seremala ilikuwa imening'inia, haina kazi.

"Nyumba ya mwisho," alisema kwa Kinande. "Ya dada yangu. Ulifika?"

"Nilifika."

"Alifungua?"

"Alifungua."

"Alisema kitu?"

Falonne alifumba macho. Maneno yale yalikuwepo. Yule mwanamke aliyanong'ona mwisho kabisa, vipaza sauti vikiwa vimekatwa, na yeye aliyasema kwa Kiswahili mbele ya majaji ambao hawakuinua hata kalamu, kwa kuwa hayakuwa na maana kisheria.

"Alisema, 'Ingia upesi, mvua inamnyeshea mtoto.'"

Syauswa aliketi udongoni, palepale, kama mtoto.

"Ni yeye," alisema. "Ni Victoire kabisa. Hasemaki karibu. Anasemaka ingia upesi." Akainua uso. "Sema tena."

"Ingia upesi, mvua inamnyeshea mtoto."

"Tena."

Akasema tena. Wanawake walianza kuondoka mmoja mmoja, vitenge vikiwa midomoni. Vijana walisukuma pikipiki zao bila kuziwasha. Shefu Kamate alibaki amesimama na kofia mkononi, na Syauswa bado yuko chini, akimwambia tena, tena, na Falonne akiyarudia, akimkaribisha ndani kwa maneno ya dada yake.